Mashua Iliyosiribwa kwa Idd

Mzee Fadlalla alikuja kwangu Kawangware kwa miguu kutoka Makina, akaketi juu ya rundo la mbao na kukataa kuinuka hata nilipomwambia kwamba mbao alizokalia zina mwenyewe. Ilikuwa miezi ya baridi ya mwaka wa sabini na nne. Mimi huuza mbao na mabati ya majengo yaliyobomolewa, na mtu akiketi juu ya mali yangu bila kuuliza bei, huwa najua kwamba amekuja na shida, hakuja na pesa.

Tulifahamiana kwa biashara. Miaka mingi alikuwa amekata nyasi katika klabu ya mashua iliyo kando ya bwawa, chini ya Kibera, na kila mara kabla ya mashindano yao alipaka vyombo vyao rangi. Walipomstaafisha walimpa saa ya ukutani. Alikuwa Mnubi, mtoto wa askari wa zamani wa Waingereza, amezaliwa Makina, babake amezikwa pale pale. Nyumba yake ilikuwa vyumba vinne chini ya bati moja. Vitatu vilikuwa vya wapangaji, na kimoja alikaa yeye na dadake mkubwa, Mabrouka, pazia katikati.

"Zeinabu amerudi," akasema.

Zeinabu ndiye mtoto wake wa pekee. Aliolewa Kibos, huko Kisumu, na sasa mume alikuwa ameoa mwingine na kuona nyumba imejaa. Alirudi na watoto watatu na godoro moja. Aliwekwa upande wa babake wa pazia, na babake akatoka. Alikuwa akilala nje barazani, juu ya benchi ya Khamala, mpangaji wake aliyeshona viatu. Mvua ikinyesha kwa upepo, mzee aliinuka na kusimama akiegemea ukuta mpaka iishe. Hakusema haya kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayenieleza njia ya kwenda Riruta.

"Ongeza chumba, Mzee."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Hilo nalijua. Ardhi ile si yao kwenye karatasi. Mtu wa Makina akitaka kuongeza chumba, au hata kugeuza ukuta, lazima chifu aseme ndiyo. Na chifu hasemi hapana wala hasemi ndiyo, husema njoo Jumatatu.

"Umeenda?"

"Nimeenda mpaka Jumatatu zangu zimeisha, Mama Wamucii."

"Basi toa mpangaji mmoja."

"Halafu tutakula nini? Pazia?"

Akakuna kidevu, akatazama chini, ndipo akatoa jambo lililomleta. Klabu walikuwa na mashua kubwa ya mbao, ile ya kuokolea watu wanaopinduka majini. Ilitolewa kwenye meli Mombasa ikapandishwa gari moshi zamani, wakati wa Wazungu. Sasa walikuwa wamenunua mpya ya plastiki yenye injini, na ya zamani imestaafu. Ilikuwa imetupwa nyuma ya ghala.

"Nikiichukua, nikaiweka kwa ploti kifudifudi juu ya mawe," akasema polepole, "hiyo ni nyumba?"

Nilifikiri. Nilitafuta kasoro katika wazo lile kama ninavyotafuta mchwa kwenye ubao, na sikuipata upesi.

"Si nyumba," nikasema. "Ni mashua imelala vibaya."

"Basi njoo uninunulie. Wewe una mdomo. Mimi nikienda, Lusweti ataona kwa macho yangu kwamba naitaka."

Tulikwenda kesho yake. Njiani nilimwonya asiitazame hiyo mashua hata kidogo. "Tazama nyasi. Si ndizo umezitazama maisha yako yote?"

Lusweti alikuwa mtunza vyombo wa klabu, Mbukusu mnene mwenye kofia ya baharia ingawa hajawahi kuona bahari. Nilimuuliza bei ya kamba kuukuu. Nikauliza bei ya ngazi iliyovunjika. Nikauliza kama wana mabati. Nilipokuwa nageuka kuondoka ndipo nikaelekeza kidole nyuma ya ghala.

"Na hizo kuni zenu?"

"Kuni? Mama, hiyo ni boti ya kuokoa. Hiyo imetoa watu wengi kwa maji."

"Ndiyo maana imechoka." Nikachoma ubao kwa ufunguo wangu, ukaingia kidogo. "Ona. Huu ni mkate."

"Mbao ya meli hiyo!"

"Basi iache hapo iendelee kuokoa nyasi."

Nilikuwa nimeona jambo moja: walikuwa wamechimba mashimo ya nguzo mpya kuzunguka mahali pale. Wakubwa wake walitaka nafasi. Mtu mwenye kitu kizito anachotakiwa kukiondoa upesi huyo hauzi, anaomba msaada, ila hajajijua. Nilikuwa nimemfikisha pazuri kabisa, karibu atupe bure, Fadlalla alipouacha mkono wake ukapapasa ubavu wa mashua.

"Huu ufa niliziba mimi," akasema. "Bado umeshika."

Lusweti akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatabasamu. Bei ikapanda pale pale tukiwa tumesimama. Ilinibidi nitembee mpaka langoni na kurudi mara mbili ili ishuke tena, na miguu yangu siku hiyo ilikuwa inauma. Mwishowe tukakubaliana kwa bei ya mbuzi mnono. Ada yangu nilichukua kwenye mashua yenyewe, vile vishikio vya makasia, kwa kuwa vilikuwa shaba tupu. Fadlalla hakujali. Nyumba haihitaji makasia.

Kuifikisha Makina ilikuwa kazi ya watu wa mkokoteni na matusi. Vichochoro ni vyembamba. Tulibomoa kona ya jiko la mtu, tukaomba radhi, tukabomoa nyingine. Wanawake walitoka milangoni.

"Fadlalla! Gharika inakuja lini?"

"Mnaingia wawili wawili?" Khamala akaita kutoka kwenye benchi yake, kiatu mkononi. "Ama wapangaji wanalipa kodi kwanza?"

"Wewe utaingia na punda," Mabrouka akamjibu.

Tuliipindua kifudifudi juu ya mawe, kati ya ukuta na choo. Nyuma yake, pale palipo bapa, mawe yaliachwa wazi pawe njia. Zeinabu aliinama akachungulia ndani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu aolewe.

"Baba," akasema, "nimeolewa, nimeachwa, sasa nimekuwa samaki."

Lakini alifagia, akatandika mkeka na godoro, akatundika gunia mlangoni. Usiku huo mzee alirudi kitandani kwake.

Wiki hiyo hiyo akaja Mutiso, askari wa chifu, Mkamba wa makamo mwenye fimbo na baiskeli. Akaizunguka.

"Hii ni nini?"

"Mashua, afande," Fadlalla akajibu.

"Inafanya nini hapa?"

"Inangoja matengenezo."

"Na huyu mama na watoto ndani?"

"Wanailinda. Wezi ni wengi."

Mutiso aliigonga kwa fimbo, ikatoa sauti ya ngoma. "Kazi yangu ni nyumba," akasema. "Mashua si kazi yangu." Akapanda baiskeli yake akaenda, na sisi tukadhani mambo yamekwisha.

Ramadhani ikaja, ikapita. Sasa lazima nieleze jambo la watu wa Makina, kwa sababu ndilo lililotuletea taabu. Kwao nyumba haiingii Idd na kuta chafu. Siku za mwisho za mfungo wanawake hukanyaga udongo mwekundu, wakachanganya na majivu na mavi ya ng'ombe, wakasiriba kila ukuta, kisha chokaa juu, na chini mstari wa rangi. Maskini na tajiri, wote. Nyumba isiyosiribwa kwa Idd ni ya mtu aliyekufa au aliyehama.

Mabrouka alikuwa na mkono mzuri kuliko wote mtaa ule. Fadlalla akiwa msikitini, alimaliza kuta za vyumba vinne, akasimama na karai la udongo uliobaki, akaitazama mashua. Rangi ya machungwa ilikuwa imebambuka, mbao ziko uchi. Wageni wangekuja. Wangemwona binti wa kaka yake amekaa chini ya kitu kama kile. Hakuuliza mtu. Aliisiriba yote, toka mawe hadi mgongoni, akaipaka chokaa, akaizungushia mstari wa buluu chini kama wa nyumba kubwa. Mimi kuta ndizo chakula changu, na nilipoiona baadaye nisingejua kuna mashua ndani. Ilikuwa kibanda kizuri cha mviringo, kizuri kuliko vyumba vya wapangaji.

Siku ya Idd Mabrouka alikaribisha wageni, na kwa adabu yake akamkaribisha hata Mutiso aliyekuwa akipita.

"Karibu afande, karibu pilau. Ingia, ingia hapa kwa nyumba ya Zeinabu."

Mutiso aliingia akala akashiba. Akanawa mikono. Akaitazama dari juu yake, zile mbavu za mashua, kisha akainama akatoka na kuushika ukuta, udongo bado una unyevu.

"Mama Mabrouka," akasema, "umesema nyumba?"

Haya yote nilisimuliwa na Zeinabu.

"Nimekula kwenu," Mutiso akaendelea, "kwa hivyo siwezi kuleta watu leo. Nawapa mpaka Jumamosi. Bomoeni wenyewe."

Zeinabu alikuja Kawangware kesho yake, mtoto mdogo mgongoni. Nilikuwa na mteja wa mabati mkononi, mtu mwenye haraka, wale wazuri. Nikamwacha. Tulipofika Makina tulimkuta Fadlalla ameketi kwenye benchi ya Khamala akingoja. Godoro lilikuwa tayari limerudishwa ndani, upande wake wa pazia.

Nilimtafuta Mutiso nikamkuta kwenye kibanda cha chai. Sikumwonyesha noti. Mtu aliyebakiza muda mfupi apate pensheni humwogopa chifu kuliko anavyopenda pesa, na ukimtolea noti unamtia hofu zaidi.

"Afande, chifu akikuuliza, ungependa umjibu nini?"

"Ningependa kumwambia ni mashua. Mimi nina shida gani na huyo mzee?" Akapuliza chai. "Lakini mtaa mzima umeona. Kesho mwingine atasiriba sanduku aniambie ni lori. Mwingine ataleta jeneza. Mimi nimezunguka hii Kibera mpaka magoti yameisha, mama. Sina nguvu ya kubishana na majeneza."

"Na ukiiona inaelea?"

Alikaa kimya. Nilimwacha akae. Katika kuuza na kununua, hapo ndipo wengi hupoteza, hawawezi kungoja.

"Ikielea bwawani," akasema mwishowe, "niione kwa macho yangu Jumamosi, ni mashua. Ikizama ni nyumba, na mmejenga bila ruhusa."

"Nyumba gani inazama, afande?"

"Hiyo yenu."

Kwa hiyo ilibidi tubomoe kazi ya Mabrouka. Aliibomoa mwenyewe. Alichukua jembe akakwangua udongo bila kusema neno, na nilipotaka kumsaidia alinigeuzia mgongo. Chokaa ilikuwa imeingia kwenye nyufa, ikabidi itolewe kwa msumari. Fadlalla akaziba upya kwa pamba na lami.

Tukamuuliza Lusweti. Akasema mbao zimekauka mno, hata mkiziba vipi itavuja, dawa yake ni kuigeuza chali na kuijaza maji, mbao zishibe zivimbe zibanane zenyewe. Maji! Pale Makina maji hununuliwa kwa debe, unapanga foleni, unabeba kichwani. Zeinabu alibeba tangu asubuhi. Aliyamimina juu, yakatokea chini.

"Huyu mama ananyonyesha ardhi," jirani mmoja akasema.

"Baba yake ana mali. Anamwaga."

Khamala aliacha viatu vyake akasaidia kubeba madebe mawili, kisha akasema hakuzaliwa kuwa mvua, akarudi. Siku ya kwanza ilivuja yote. Siku ya pili ilishika mpaka kifundoni. Wanawake wakaja na nguo kufulia ndani yake kabla hayajaisha, na Zeinabu akawafukuza akilia kwa hasira.

Mzee alikuwa amerudi kwenye benchi, na mvua za mwezi wa kumi zilikuwa zimeanza. Ijumaa nilimkuta anakohoa, uso wake una rangi ya jivu. Mimi sipendi kupoteza mali mahali pasipo na faida, nikamwambia ukweli.

"Mzee, kuna mtu Riruta ana ng'ombe. Anatafuta hori la kuwanyweshea maji. Ataichukua hivi ilivyo, na atakupa zaidi ya uliyotoa."

"Zaidi?"

"Zaidi."

Alifikiri muda mrefu. Naamini alikuwa karibu kukubali. Kwenye uso wa mtu mwenye homa huonekana kila kitu.

"Na hiyo faida," akauliza, "Zeinabu atalala ndani yake?"

Nikaenda kutafuta mkokoteni wa kesho.

Jumamosi tuliteremka bwawani. Mutiso alikuwa ameshafika, amesimama kwenye tope la ukingoni, kofia kwapani. Lusweti alitukopesha makasia mawili.

"Vishikio vyake viko wapi?" akauliza, akinitazama.

"Vimeshauzwa," nikasema. Tukafunga vitanzi vya kamba.

Mashua iliingia majini, ikalala upande, ikajiinua. Fadlalla alipanda. Miaka yote ile kando ya bwawa na hakujua kuogelea. Alishika makasia kama anavyoshika fyekeo. Maji yakaanza kupenya ubavuni, taratibu, kama jasho. Zeinabu akaona. Akafunga gurbaba yake, ile shuka ya wanawake wa Kinubi, kiunoni, akadaka sufuria tuliyobebea chai, akaingia majini mpaka mapajani na kupanda.

"Wewe mama, toka!" Mutiso akapaza sauti. "Nilisema mashua ielee, sikusema ipigwe sufuria!"

"Kazi yako ni kuangalia," Zeinabu akamjibu akichota. "Angalia."

Walikwenda mpaka kwenye matete, wakageuka kwa shida, wakarudi. Baba anavuta, mtoto anachota na kumwaga, hakuna anayesema. Walipokaribia, maji ndani yalikuwa yamefika vifundoni mwao. Watoto wa Zeinabu walikuwa wamenishika kanga kutoka nyuma.

"Inaingiza maji," Mutiso akasema. "Umeona mwenyewe. Inaingiza."

Nilitazama chini. Alikuwa amezama kwenye tope, na viatu vyake vya serikali vilikuwa vimefumuka pembeni.

"Na hivyo vyako, afande?"

"Vyangu nini?"

"Viatu. Vinaingiza maji ama haviingizi?"

Akavuta mguu mmoja, ukatoa sauti.

"Vinaingiza," nikasema. "Na bado ni viatu. Hujaviita soksi."

Lusweti alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mutiso hakucheka, lakini mabega yake yalishuka, na nikajua amechoka kama sisi.

"Haya. Ni mashua." Akavaa kofia. "Basi mashua hukaa majini. Iacheni hapa."

Hilo sikulitegemea. Fadlalla alilaza makasia magotini. Zeinabu aliacha kuchota, sufuria imejaa mkononi, akamtazama askari na mdomo wazi.

"Afande," nikasema, "baiskeli yako hulala wapi?"

"Kwangu."

"Si barabarani?"

"Barabarani! Si itaibiwa? Hulala ndani, karibu na kitanda."

Nilimwacha aliangalie alilolisema. Alilitazama bwawa, akamtazama mzee anayekohoa ndani ya mashua, akatema mate pembeni.

"Irudi kwa ploti," akasema. "Lakini chali. Nikiikuta kifudifudi nabomoa. Hakuna udongo, hakuna chokaa, hakuna mstari wa buluu. Na mtu yeyote akiiita nyumba, nimesikia."

Kurudi kulikuwa kubaya kuliko kwenda. Mbao zilikuwa zimeshiba maji, na watu wa mkokoteni waliona uzito wakataka nyongeza katikati ya mlima, pale ambapo huwezi kukataa. Tuliwapa. Fadlalla alitaka kusukuma, Zeinabu akamkaripia kama mtoto, akatembea nyuma na kasia begani.

Tuliiweka kati ya ukuta na choo, chali, tukaikingia mawe isiyumbe. Khamala alileta turubai lake la kuanikia ngozi, tukalifunga juu kwa kamba. Hapakuwa na mlango, na hapangekuwa. Zeinabu alipanda ubavuni, akawa anapokezwa watoto mmoja mmoja kama mizigo ya lori.

"Na mvua ikinyesha?" akauliza kutoka chini ya turubai.

"Kuna turubai," nikasema.

"Na turubai likipasuka?"

"Uko na sufuria."

Mabrouka alikuwa amesimama pembeni, mikono imekaa vibaya kwa kukosa kazi. Jirani mmoja akaja kuona. Mabrouka akamgeukia kwa adabu yake ya siku zote.

"Karibu, karibu kwa ny—" Akajishika. "Karibu kwa hicho kitu cha Zeinabu."

Nilitaka kuongea na mzee kuhusu ile nyongeza ya mkokoteni, maana niliitoa mimi. Niliingia chumbani. Alikuwa kitandani kwake, upande wake wa pazia, nguo bado mbichi, viatu miguuni, amelala mdomo wazi na kukoroma. Nje Zeinabu aliita, "Baba, tuko sawa huku!" Akaita tena.

"Mwache," Mabrouka akamwambia. "Ameshalala."

Nilichukua mfuko wangu nikaenda zangu Kawangware. Ilikuwa inaanza kunyesha.